Mwongozo kamili wa kuchambua namba kubwa kwa mkono: tunaivunja 61,741,120 mpaka mwisho

Naandika hii kwa urefu kwa sababu watu wanaendelea kukwama palepale. Mpe mtu namba ya tarakimu nane aitafutie vigawo tasa (namba tasa zinazoigawa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe), atagawa kwa 2 vizuri tu, atatoa 5, akiwa makini ataiona na 7, halafu anakutana na 27,563, anajaribu namba mbili tatu haigawanyiki, anaandika "hii ni tasa" na kufunga daftari.

Sio tasa. Na ukishakosea hapo, kila kinachofuata kinaharibika, idadi ya vigawo inatoka nusu, jumla ya vigawo inatoka ovyo, na unabaki unashangaa jibu la mwenzako limetofautiana vipi na lako wakati wote mmetumia fomula ileile. Fomula haina shida, shida ni kwamba mmoja wenu aliacha kugawa mapema.

Namba tunayotumia sio ya kubuni. 61,741,120 ndio idadi ya watu wa Tanzania kwa Sensa ya Watu na Makazi ya 2022. Nimeichagua kwa sababu mitego yote ninayotaka uione imo ndani yake, na mwishoni kuna namba ya sensa ya Kenya ya 2019 ambayo utaifanya mwenyewe.

## Andaa hivi kwanza

Daftari na kalamu. Usifanye kichwani, na usifanye kwenye kipande cha karatasi utakachokitupa, maana majibu ya hatua ya 3 utayahitaji tena hatua ya 8.

Kalkuleta. Ya simu inatosha. Ile ndogo ya dukani ya tarakimu 8 itaipokea namba yetu lakini kwenye hatua ya 7 itagoma, jibu la pale lina tarakimu 9.

Orodha ya namba tasa mpaka 163. Iandike ukurasa wa kwanza kabisa uwe unaiangalia:

2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43, 47, 53, 59, 61, 67, 71, 73, 79, 83, 89, 97, 101, 103, 107, 109, 113, 127, 131, 137, 139, 149, 151, 157, 163.

Hesabu ziwe 38. Zikipungua umeruka moja, na hiyo uliyoruka inaweza kuwa ndiyo uliyokuwa unaihitaji. Angalia pia usiingize 91 (ni 7 × 13), 119 (7 × 17), 133 (7 × 19) wala 143 (11 × 13). Hizi nne kwa sura zinafanana sana na tasa na zimewadanganya wengi. Na 1 haimo, 1 sio namba tasa.

Kitu cha mwisho ni kuelewana tu. Nikisema kigawo nina maana ya namba inayoigawa nyingine bila kubakisha kitu, kwa hiyo vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Vigawe ni zile 12, 24, 36 na kuendelea, hizo leo hatuzigusi.

## Hatua ya 1: Hakikisha umeinakili namba sawasawa

Tarakimu moja ikikosewa una namba nyingine kabisa yenye tabia nyingine kabisa. Ukiandika 61,741,121 badala ya 61,741,120 tayari umetoka kwenye shufwa ukaingia kwenye witiri, na zile 2 zote zimepotea.

Kwa bahati nzuri sensa inatupa njia mbili za kuhakiki. Tanzania Bara 59,851,347 jumlisha Zanzibar 1,889,773. Au wanawake 31,687,990 jumlisha wanaume 30,053,130. Fanya zote mbili.

Ukifanikiwa: jumla zote mbili zinakuja 61,741,120.

## Hatua ya 2: Ipime kabla hujaanza kugawa

Tafuta kipeuo chake cha pili, ile alama ya √ kwenye kalkuleta. Unapata 7,857 na desimali. Ukitaka uhakika, 7,857 × 7,857 ni 61,732,449 na 7,858 × 7,858 ni 61,748,164, namba yetu iko katikati yao, kwa hiyo haina kipeuo cha pili kilicho namba nzima.

Hiyo 7,857 iandike. Maana yake ni kwamba kama tungegawa kijinga bila kupunguza namba, tungelazimika kujaribu namba tasa zote mpaka huko, na hizo ni karibu elfu moja. Usiogope, hatutafika huko, utaona kikomo kinavyoshuka kila tukipata kigawo.

Halafu jumlisha tarakimu: 6 + 1 + 7 + 4 + 1 + 1 + 2 + 0 = 22. Ishirini na mbili haigawanyiki kwa 3, basi namba nzima haigawanyiki kwa 3, wala kwa 9, wala kwa 6, wala kwa chochote chenye 3 ndani yake. Endelea kujumlisha, 2 + 2 = 4. Hiyo 4 ni baki ya namba yetu ikigawanywa kwa 9, na tutaitumia kujikagua hatua ya 6.

Ukifanikiwa: una vitu vitatu daftarini: kikomo 7,857, "3 haimo", na baki ya tisa ambayo ni 4.

## Hatua ya 3: Toa 2 zote, halafu toa 5

Zote nimesema. Wengi wanagawa kwa 2 mara moja au mara mbili halafu wanahamia kwingine, wakati namba bado ni shufwa.

61,741,120
30,870,560
15,435,280
7,717,640
3,858,820
1,929,410
964,705

Mara sita. Hapo 964,705 ni witiri kwa hiyo 2 zimeisha, tumepata 2 yenye kipeo cha sita, yaani 64.

Inaishia na 5, gawa kwa 5 unapata 192,941. Hii haiishii na 0 wala 5, basi 5 nayo ni moja tu.

Tahadhari: kuna wanaokata sifuri ya mwisho wakaandika 10 kwenye orodha ya vigawo tasa. 10 sio tasa, ni 2 × 5, na ukiiacha hivyo fomula zote za mbele zitakataa.

Ukifanikiwa: 64 × 5 × 192,941 inarudi 61,741,120. Jaribu kwenye kalkuleta kabla ya kuendelea. Kikomo sasa kimeshuka kutoka 7,857 mpaka 439, maana kipeuo cha pili cha 192,941 ni 439 na desimali.

## Hatua ya 4: Jaribu 7, 11 na 13 kwa mpigo mmoja

Hapa kuna njia nzuri sana na nasikitika haifundishwi vya kutosha. 7 × 11 × 13 = 1,001. Kwa hiyo 1,000 ni pungufu ya 1,001 kwa moja tu, na ukigawa 1,000 kwa yoyote kati ya hizi tatu baki yake ni sawasawa na −1, ndio maana mafungu yanatolewa na kujumlishwa kwa zamu.

Kwa vitendo: kata namba kwenye mafungu ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, halafu chukua fungu la kulia kabisa, toa linalofuata, jumlisha linalofuata, toa, jumlisha, mpaka yaishe.

192,941 ina mafungu mawili tu: 941 − 192 = 749.

Sasa badala ya kuhangaika na namba ya laki unahangaika na 749. Kwa 7 ni 107 kamili, imo. Kwa 11 inabaki 1, haimo. Kwa 13 inabaki 8, haimo. Toa moja tu na umemaliza majaribio matatu.

192,941 ÷ 7 = 27,563.

Usihame bado, jaribu 7 tena, kama ulivyofanya kwa 2. 563 − 27 = 536, ukigawa kwa 7 inabaki 4. Basi 7 ni moja tu. Kwa 11 na 13 huna haja ya kurudia, kitu ambacho hakikuigawa 192,941 hakiwezi kukigawa kipande chake.

Tahadhari: ukikata mafungu kuanzia kushoto jibu ni takataka. Alama zilizopo kwenye 61,741,120 zinakuonyesha mafungu tayari, zifuate hizo. Na ukipata jibu hasi usishtuke, angalia tu kama linagawanyika. Mfano namba yetu nzima kabla ya kuipunguza inatoa 120 − 741 + 61 = −560, na 560 ni 7 × 80, jibu lilelile kwamba 7 imo.

Ukifanikiwa: una 64 × 5 × 7 × 27,563, na unajua kwa hakika kwamba 2, 3, 5, 7, 11 na 13 hazimo tena kwenye 27,563.

## Hatua ya 5: Usiiamini 27,563

Hapa nenda polepole, hapa ndipo kazi yote ilipo.

Kwanza kikomo. Kipeuo cha pili cha 27,563 ni 166 na kidogo. Kwa hiyo unajaribu namba tasa mpaka 163 na sio chini ya hapo. Sababu ni hii: vigawo vinakuja kwa jozi, kimoja kikiwa kikubwa mwenzake ni mdogo. Kama vyote viwili vingekuwa zaidi ya 166 basi kidogo kabisa ungekuwa na 167 × 167 ambayo ni 27,889, na hiyo tayari imeizidi 27,563. Haiwezekani. Kwa hiyo kama inavunjika, lazima mmoja wa jozi awe 166 au chini, na kama umefika 163 bila kupata kitu hapo ndipo una haki ya kuandika "tasa". Kabla ya hapo ni kubahatisha.

Pili, namna ya kupata baki kwenye kalkuleta ya kawaida. Chukua 27,563 ÷ 17, skrini inaonyesha 1621.3529 na kuendelea. Chukua 1,621 peke yake, zidisha kwa 17 unapata 27,557, toa kwenye 27,563 inabaki 6. Ukiona desimali yoyote ile ujue haigawanyiki, lakini mimi nashauri uiandike baki yenyewe kwa sababu inakulazimisha ufanye hesabu kweli badala ya kuangalia skrini juu juu na kuendelea.

Twende:

17 → baki 6
19 → baki 13
23 → baki 9
29 → baki 13
31 → baki 4
37 → baki 35
41 → baki 11
43 → baki 0

27,563 ÷ 43 = 641.

Jaribio la nane. Wanaokata tamaa wanakata tamaa kwenye 23 au 29, wachache wanafika 31, na wote hao wanaandika tasa wakati wamebakiza hatua chache tu. Ndio maana nasema kikomo kiandikwe daftarini kabla ya kuanza, kwa namba, "mpaka 163", ili usiwe wewe unayeamua kwamba umechoka bali namba ndiyo inayoamua kwamba imeisha.

Sasa 641, nayo ni tasa? Watu wanaanza upya na 2, 3, 5, hapana, huna haja. Kipeuo chake cha pili ni 25 na kidogo, kwa hiyo kama ingevunjika ingekuwa na kigawo tasa kisichozidi 23. Zote mpaka 23 tumeshazijaribu kwenye namba kubwa zaidi na tunajua hazimo. Basi 641 ni tasa, bila jaribio hata moja la nyongeza. Angalia kikomo kilivyoshuka: 7,857, halafu 439, halafu 166, halafu 25. Kugawa kila mara unapopata kigawo ndiko kunakofanya kazi hii iwezekane kwa mkono.

Na hii 641 sio ngeni kwa wanahisabati. 2 yenye kipeo cha 32 ukiongeza 1 ni 4,294,967,297, mwanahisabati Fermat aliamini ni tasa, mpaka mwanahisabati mwingine, Euler, mwaka 1732 akaonyesha kwamba ni 641 × 6,700,417. Kama Fermat mwenyewe alidanganywa na sura ya namba, mimi na wewe hatuna budi kugawa mpaka kikomo.

Tahadhari mbili. Usijaribu namba ambazo sio tasa, mfano 21, 27, 33, 39, unapoteza muda, kama 3 haimo 27 itaingilia wapi. Na usiruke namba kwa sababu "haionekani kama itaingia", 43 nayo haionekani.

Ukifanikiwa:

61,741,120 = 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641

## Hatua ya 6: Ijenge upya

Zidisha kurudi nyuma, moja moja, usiingize zote kwenye kalkuleta kwa wakati mmoja maana ukikosea hutajua wapi.

64 × 5 = 320
320 × 7 = 2,240
2,240 × 43 = 96,320
96,320 × 641 = 61,741,120

Kama huna kalkuleta karibu, tumia tisa. Chukua kila kigawo, jumlisha tarakimu zake mpaka ibaki moja: 64 inakuwa 1, 5 ni 5, 7 ni 7, 43 inakuwa 7, 641 inakuwa 2. Zidisha: 1 × 5 × 7 ni 35, inakuwa 8. 8 × 7 ni 56, inakuwa 11, inakuwa 2. 2 × 2 ni 4. Ile 4 ya hatua ya 2.

Lakini ukaguzi wa tisa unakamata makosa mengi, sio yote. Ukigeuza tarakimu mbili, labda umeandika 614 mahali pa 641, tisa haitaona kitu kwa sababu jumla ni ileile. Kwa hiyo kuzidisha ndio ushahidi, tisa ni msaada tu.

## Hatua ya 7: Sasa isome tabia zake

Ukishakuwa na vigawo tasa vilivyo sahihi, mengine yote yanakuja haraka.

Idadi ya vigawo. Chukua kila kipeo, ongeza 1, zidisha. Vipeo vyetu ni 6, 1, 1, 1, 1, kwa hiyo 7 × 2 × 2 × 2 × 2 = 112. Unaongeza 1 kwa sababu kila kigawo cha namba yetu kinatengenezwa kwa kuchagua uchukue 2 ngapi, na unaruhusiwa kutochukua hata moja, kwa hiyo chaguo ni 0 mpaka 6, ambazo ni saba na sio sita. Asiyeongeza 1 anapata 6 × 1 × 1 × 1 × 1 = 6, yaani namba ya milioni sitini na moja ina vigawo sita tu, jibu ambalo lingetakiwa limshtue mwenyewe.

Na yule aliyeandika 27,563 ni tasa? Yeye anapata 7 × 2 × 2 × 2 = 56. Nusu kamili imepotea.

Maana yake kwa vitendo: ukitaka kuwagawa watu wote wa sensa ile kwenye makundi yaliyo sawa bila mtu kubaki, una saizi 112 za kundi. Makundi ya watu 320 yatakuwa 192,941. Makundi ya 641 yatakuwa 96,320. Makundi ya watatu watatu hayawezekani, anabaki mtu mmoja.

Jumla ya vigawo. Kwa kila namba tasa jumlisha vipeo vyake vyote kuanzia 1, halafu zidisha hizo jumla:

2: 1 + 2 + 4 + 8 + 16 + 32 + 64 = 127
5: 1 + 5 = 6
7: 1 + 7 = 8
43: 1 + 43 = 44
641: 1 + 641 = 642

127 × 6 = 762, × 8 = 6,096, × 44 = 268,224, × 642 = 172,199,808. Hapa ndipo ile kalkuleta ya tarakimu 8 inapogoma.

Ukitoa namba yenyewe, vigawo vingine vyote vinajumlika kuwa 110,458,688, zaidi ya 61,741,120. Namba kama 6 vigawo vyake vingine vinajumlika kuwa sawasawa na yenyewe (1 + 2 + 3), nyingine vinapungua, hii yetu vinazidi sana, na zile 2 sita ndizo zinazochangia sehemu kubwa.

Ngapi hazishirikiani nayo. Yaani kuanzia 1 mpaka 61,741,120, namba ngapi hazina kigawo chochote cha pamoja na yenyewe isipokuwa 1? Anza na namba nzima, kwa kila namba tasa punguza sehemu yake:

toa nusu → 30,870,560
toa moja ya tano → 24,696,448
toa moja ya saba → 21,168,384
toa moja ya 43 → 20,676,096
toa moja ya 641 → 20,643,840

Kila hatua inagawanyika bila baki. Ukiona desimali katikati simama, kuna kigawo tasa ulichokosea. Na 2 unaitoa mara moja tu hata kama zipo sita, kwa sababu namba ikishakuwa shufwa imeshatoka, haitoki tena mara ya pili.

## Hatua ya 8: Swali la mtihani linalopendwa

"Tafuta namba ndogo kabisa ya kuzidisha na 61,741,120 ili jibu liwe na kipeuo cha pili kilicho namba nzima."

Angalia vipeo. Kwa kipeuo kamili kila kipeo lazima kiwe shufwa. 2 ina 6, iko sawa iache. 5, 7, 43 na 641 kila moja ina 1, kila moja inahitaji mwenzake. Kwa hiyo zidisha kwa 5 × 7 × 43 × 641 = 964,705.

Rudi kwenye daftari hatua ya 3, hiyo 964,705 ipo, ni ile iliyobaki baada ya kutoa 2 zote. Na kipeuo cha jibu ni 8 × 964,705 = 7,717,640, nayo iko mistari mitatu juu yake. Ndio maana nilisema usitupe karatasi.

Tahadhari: ukijaribu kuhakiki kwa kuzidisha 61,741,120 × 964,705 kalkuleta nyingi zitaonyesha kitu kinachoanza na 5.956 na kuishia na E13. Hiyo E13 maana yake tarakimu za mwisho zimefichwa, huwezi kuitumia kama ushahidi. Hakiki kwa vipeo, sio kwa skrini.

## Zamu yako: 47,564,296

Hii ni idadi ya watu wa Kenya kwa sensa ya 2019. Ifanye yote kabla hujasoma chini, nimeichagua kwa sababu inakwenda tofauti na ya kwanza.

Majibu ya kulinganisha: 2 zinatoka mara tatu inabaki 5,945,537. Jumla ya tarakimu ni 38, kwa hiyo 3 haimo, na 5 haimo. Mafungu: 537 − 945 + 5 = −403, na 403 ni 13 × 31, kwa hiyo 13 imo, 7 na 11 hazimo. Inabaki 457,349. 13 tena haiingii. 17 inabakisha 15. 19 inaingia, inabaki 24,071.

Hapa kikomo ni 155, kwa hiyo unajaribu kuanzia 19 (tena) mpaka 151. Na safari hii hutapata kitu. 29 inabakisha 1, 71 inabakisha 2, 83 inabakisha 1, 113 inabakisha 2, zinakuja karibu karibu mpaka unahisi umekosea hesabu. Hujakosea. Ni majaribio 29 na yote lazima yafanyike, kwa sababu 27,563 na 24,071 ukiziweka pembeni huwezi kujua kwa macho ipi inavunjika na ipi haivunjiki. 24,071 ni tasa kweli.

47,564,296 = 2³ × 13 × 19 × 24,071

Idadi ya vigawo: 4 × 2 × 2 × 2 = 32.

Sasa KKS (Kigawo Kikubwa cha Shirika, yaani namba kubwa kabisa inayozigawa zote mbili) ya namba hizi mbili. Cha pamoja ni 2 tu, upande mmoja sita upande mwingine tatu, unachukua zile chache: 2³ = 8.

Ukitaka kuhakikisha bila kutegemea vigawo tasa kabisa, gawa kubwa kwa ndogo chukua baki, gawa ndogo kwa hiyo baki, na endelea hivyo. Baki zinashuka hivi:

14,176,824
5,033,824
4,109,176
924,648
410,584
103,480
100,144
3,336
64
8
0

Ya mwisho kabla ya sifuri ndiyo KKS, nayo ni 8. Zikitofautiana, yaani vigawo vinakupa namba moja na baki zinakupa nyingine, anza kwa kuangalia kama ulitoa 2 zote.